Ulimi Mzito Si Ulevi: Somo juu ya Usemi wa Wagonjwa wa Multipo Sklerosisi



Katika masomo yetu ya afya tumekwisha kusema habari za shinikizo la damu, kisukari na kifafa. Mwezi huu twaleta ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia hata jina, na huenda msomaji akauliza kwa nini tumeuchagua. Tumeuchagua kwa sababu ya kosa letu wenyewe, na afadhali tulieleze kwanza.

Miaka michache iliyopita palikuwa na mama mmoja, mwalimu wa shule, aliyesoma masomo kanisani kwetu kwa zamu. Alisoma vizuri, kila neno likasikika hadi mlango wa nyuma. Kisha tukaanza kuona mabadiliko. Maneno yalitoka polepole, mengine yakishikana, mengine yakikatika katikati. Sauti ilipanda ghafula na kushuka ghafula. Tena siku nyingine, alipoondoka kwenye kiti chake kwenda mbele, aliyumba akashika benchi. Watu wakanong'ona. Mwisho mmoja wetu akasema waziwazi katika kikao cha wazee wa kanisa kwamba mwalimu sasa anakunywa, tena anakunywa asubuhi ya Jumapili. Jina lake likafutwa katika orodha ya zamu. Sisi tunaoandika tulikuwamo katika kikao kile. Hatukumshitaki, lakini tulikaa kimya, wala hakuna aliyekwenda kumwuliza. Yeye naye hakusema kitu. Aliendelea kuja, akiketi nyuma.

Ilipita zaidi ya mwaka ndipo tukapata habari kwamba amepelekwa hospitali kubwa, akapigwa picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku, akaambiwa kwamba ana multipo sklerosisi. Hakuwa amekunywa hata tone.

Kuhani Eli alikosa vivyo hivyo kule Shilo alipomwona Hana akichezesha midomo bila sauti, akamdhania mlevi. Lakini Eli alielezwa ukweli papo hapo, akabadili maneno yake saa ile ile. Sisi ilituchukua mwaka na zaidi.

UGONJWA WENYEWE

Mishipa ya fahamu huchukua habari kati ya ubongo na viungo vyote vya mwili, kama nyaya za umeme. Waya una mpira wake wa juu, na mishipa mingi ya fahamu nayo ina utando wa mafuta uitwao mielini. Utando huo huufanya ujumbe upite upesi bila kupotea njiani. Katika ugonjwa huu, askari wa mwili waliowekwa kutulinda na vijidudu hukosea adui, wakaushambulia utando huo katika ubongo na uti wa mgongo. Mahali palipoharibika hubaki kovu gumu. Ndiyo maana ya jina lile la kigeni: makovu magumu, mahali pengi.

Kwa kuwa makovu yaweza kutokea po pote katika ubongo au uti wa mgongo, wagonjwa wawili hawafanani. Mmoja huanza kwa jicho moja kuingia ukungu na kuuma, mwingine kwa ganzi ya miguu, mwingine kwa kuchoka kusikoelezeka. Kwa wagonjwa kama 85 katika 100 ugonjwa huanza kwa kuja na kuondoka: shambulio la siku au majuma, kisha nafuu. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, na wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, mara mbili au hata tatu. Hesabu iliyotolewa mwaka 2020 ilionyesha wagonjwa wapatao milioni 2.8 duniani. Wengi wao wako nchi za baridi zilizo mbali na ikweta. Kwetu ni wachache, lakini wapo, na uchache huo ndio unaofanya wachelewe kutambuliwa.

Je, unaambukiza? Hasha. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10, wakaona kwamba hatari ya kupata ugonjwa huu huongezeka mara 32 baada ya mtu kuingiwa na virusi viitwavyo Epstein-Barr. Walakini virusi hivyo karibu kila mtu mzima anavyo mwilini, na ni wachache mno wanaougua. Basi hakuna sababu ya kuogopa kikombe, mkono wala kitanda cha mgonjwa. Wala si laana, wala si matokeo ya jambo alilolifanya.

USEMI UNAVYOHARIBIKA

Wazee husema ulimi hauna mfupa, wakimaanisha kwamba waweza kusema lo lote. Ni kweli pia kwa maumbile. Ulimi ni misuli mitupu, nao hauna cha kuushika ila amri zinazotoka kwenye ubongo. Kusema neno moja tu kwahitaji kifua kisukume pumzi, kamba za sauti zikaze, kaakaa lijifunge au lijifungue, na ulimi na midomo ikimbilie mahali pake, vyote kwa wakati wake. Amri zikichelewa kwa sababu ya makovu, neno huharibika ingawa akili inalijua barabara. Madaktari huita hali hii disathria. Kwa makadirio ya wengi, karibu nusu ya wagonjwa huipata kwa kiasi fulani, na kwa wengi wao ni hafifu.

Msomaji, jaribu haya ukiwa umeketi. Weka kiganja mbele ya midomo useme "papa". Utasikia pumzi mbili zikipiga kiganja. Sasa ziba pua kwa vidole useme "baba": limetoka salama. Ukiwa umeiziba bado, sema "mama": limekwama, kwa maana sauti ya herufi M hupita puani. Ndani ya kinywa, nyuma juu, kuna kaakaa laini ambalo hufanya kazi ya mlango. Kwa B hufunga njia ya pua, kwa M huifungua. Mlango huo ukilegea, mgonjwa aliyetaka kumwita baba yake husikika akimwita mama, na "dada" huwa kama "nana". Watu wakacheka.

Jaribu tena. Vuta pumzi mara moja, uhesabu moja, mbili, tatu na kuendelea. Wengi wetu twafika ishirini bila taabu. Mgonjwa ambaye misuli ya kifua chake imedhoofika aweza kuishiwa kwenye sita au saba, na zile za mwisho zikawa mnong'ono. Misuli ikikakamaa badala ya kulegea, sauti hutoka kwa kukabwa, nzito na ya kukwaruza, kama ya mtu mwenye hasira. Mama wa watu hana hasira na mtu.

Tena kuna sehemu ya ubongo iliyo nyuma, juu ya shingo, ambayo kazi yake ni kupima mwendo. Hiyo ikiguswa, usemi hupoteza mahadhi yake. Kila silabi hupewa uzito sawa, na baada yake hukaa nafasi, kama mtoto wa darasa la kwanza asomapo ubaoni: "A-na-kwe-nda so-ko-ni." Katika Kiswahili jambo hili lina hasara kubwa kuliko tunavyofikiri. Neno "barabara" mkazo ukiwekwa mahali pamoja ni njia ya magari, ukisogezwa ni sawasawa kabisa. Na swali letu mara nyingi halina alama ila sauti. "Watoto wamekula?" na "Watoto wamekula" ni maneno yale yale, yakitofautiana kwa mpando wa sauti tu. Mgonjwa asiyeweza kupandisha sauti huuliza swali, nasi twadhani ametoa habari, twaitikia "vyema" na kuendelea na mazungumzo yetu. Naye hubaki bila jibu.

Wengine hupata namna nyingine, isiyojulikana sana. Usemi huharibika ghafula kwa nukta chache au dakika, ukarudi sawa, kisha ukaharibika tena, pengine mara nyingi kwa siku. Mtu huyu ndiye hasa huambiwa anajifanya. Kumbe ni namna iliyokwisha kuandikwa na madaktari, na mara nyingi hutulizwa kwa karbamazepini, dawa ijulikanayo sana katika kutibu kifafa. Asiitumie mtu bila agizo la daktari.

Wengine tena ulimi wao ni mzima, lakini neno lenyewe halipatikani. Analijua, analiona, ila halifiki. Akipewa nafasi hulipata.

Jua na uchovu huongeza yote hayo. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kwamba wagonjwa hawa huona vibaya zaidi baada ya kujichosha, na baadaye ikaeleweka kwamba ni joto la mwili linalofanya hivyo. Mshipa uliopoteza utando wake hushindwa kupitisha ujumbe hata joto la mwili likipanda nusu digrii tu. Mtu akipoa, hali hurudi. Kwa hiyo anayesema vizuri saa moja asubuhi aweza kusema vibaya saa saba mchana chini ya bati, na jioni akasema vizuri tena. Jirani aliyemwona mara zote tatu huona ameshika ushahidi wa pombe.

DAKTARI WA PARIS

Aliyeupambanua ugonjwa huu kwanza kwa ukamilifu alikuwa Mfaransa, Jean-Martin Charcot, mwaka 1868. Alifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, mahali palipopata jina lake kwa kuwa zamani palitengenezwa baruti. Palikuwa na maelfu ya wanawake maskini na wagonjwa wasiokuwa na pa kwenda. Charcot aliwatazama kwa miaka, na walipokufa akachungua ubongo na uti wa mgongo wao, akalinganisha makovu na yale aliyoyaandika walipokuwa hai. Alitaja dalili tatu: macho yanayocheza yenyewe, mkono unaotetemeka unapofikia kitu, na usemi ule wa kukatakata silabi. Siku hizi twajua kwamba si kila mgonjwa anazo zote tatu, na wengi hawana hata moja mwanzoni. Lakini yafaa kukumbuka kwamba usemi umo katika maelezo ya kwanza kabisa ya ugonjwa huu, tangu zaidi ya miaka 150 iliyopita. Sisi tulikuwa hatujasikia.

Wala kosa letu si la kijijini tu. Huko Marekani alikuwako Annette Funicello, aliyejulikana na taifa zima tangu utoto wake katika kipindi cha televisheni cha Mickey Mouse Club mwaka 1955. Aliambiwa ugonjwa wake mwaka 1987, akauficha. Watu walipomwona akiyumba wakaanza kusema ni mlevi, hata ikambidi mwaka 1992 autangaze ugonjwa wenyewe ili kuzima uvumi. Katika miaka yake ya mwisho hakuweza kusema tena. Alifariki mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 70.

Lakini tusiwatie watu hofu. Barbara Jordan, binti wa mchungaji wa Kibaptisti wa Houston, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka majimbo ya kusini kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, mwaka 1972. Alijulikana kuliko yote kwa sauti yake. Ugonjwa ulimpata mwaka 1973. Mwaka uliofuata alihutubia kamati ya Bunge katika shauri la Rais Nixon, na hotuba ile hukumbukwa hata leo. Mwaka 1992 alihutubia mkutano mkuu wa chama chake akiwa katika kiti cha magurudumu, na sauti ilikuwa ile ile. Miguu ilikwisha, usemi ukabaki. Hakuna awezaye kumwambia mgonjwa mapema atakuwa upande gani.

MSAADA ULIOPO

Dawa ya kuuondoa ugonjwa wenyewe haijapatikana. Zipo dawa za kupunguza mashambulio, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Kuingizwa katika orodha si kufika katika duka la dawa la wilayani, lakini ni mwanzo, na ni jambo la kumwuliza daktari.

Kwa usemi, mwenye kazi hiyo ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Katika Afrika ya Mashariki bado ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Mgonjwa akipata nafasi ya kumwona mmoja, hata mara mbili tatu, asiiache. Mengi wanayoyafundisha hayahitaji mashine. Ni kuketi wima ili kifua kipate nafasi, kuvuta pumzi kabla ya kila fungu la maneno, wala si baada ya kuishiwa. Kukata sentensi fupi. Kuzikaza herufi za mwisho na za katikati kuliko tulivyozoea. Kutaja jambo kwanza, "habari za shamba", kisha kulieleza, kwa maana msikilizaji ajuaye jambo hukisia neno asilolisikia. Mazungumzo mazito, kama ya fedha au urithi, yawekwe asubuhi, redio ikiwa imezimwa.

Wenye simu za kisasa waweza kuandika maneno na simu ikayasoma kwa sauti. Wengine hurekodi sauti yao wenyewe mapema, majina ya watoto na maneno ya kila siku, ili yapatikane baadaye. Asiye na simu hiyo achukue kipande cha boksi, aandike herufi kubwa kwa safu, tarakimu 0 hadi 9, na maneno machache: NDIYO, HAPANA, MAJI, CHOO, NAUMWA, NGOJA, SIVYO NILIVYOSEMA. Hilo la mwisho lisisahauliwe. Herufi Q na X zaweza kuachwa, Kiswahili hakizihitaji.

Jambo moja la hatari. Misuli ya kusema ndiyo ya kumeza. Mgonjwa ambaye ulimi wake umekuwa mzito, akianza kukohoa anapokula au sauti ikawa ya majimaji baada ya kunywa, amwone daktari upesi, kwa maana chakula kikipita njia ya pumzi huleta kichomi. Mara nyingi maji na chai humpalia kuliko uji mzito. Aketi wima, ale kidogo kidogo, wala asisemeshwe akiwa na tonge kinywani. Padre naye aambiwe, ili ajue jinsi ya kumkomunisha.

Na tusichanganye mambo: mtu ye yote ambaye usemi wake umeharibika ghafula, uso ukapinda upande mmoja au mkono ukafa, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Huenda ni kiharusi, na kiharusi hakingoji.

ANAYESIKILIZA

Tulipopata habari za mwalimu tulikwenda kumwona, watu watatu. Alikuwa ameketi ukumbini pamoja na dada yake. Tulimsalimu, kisha tukamgeukia dada: "Anakula vizuri? Analala? Anatujua?" Mwalimu alichukua kalamu, akaandika kwa taabu juu ya gazeti: NIULIZENI MIMI. Halafu akatusukumia lile gazeti.

Basi tulijifunza pale pale. Asemeshwe yeye. Asipigiwe kelele, masikio yake ni mazima. Asisemeshwe kama mtoto. Aliyestahili shikamoo jana aamkiwe leo, na marahaba yake ingojewe hadi ifike. Hata hivyo salamu zetu ni ndefu, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za toka juzi, na mgonjwa akizijibu zote kwa adabu amekwisha kumaliza pumzi kabla ya mazungumzo yenyewe. Twaweza kuzifupisha bila kumvunjia heshima. Mtu asijiteue kuwa Haruni wa kumsemea asipoombwa. Wengine hupenda kumaliziwa neno, wengine huchukizwa sana, na njia ya kujua ni kumwuliza. Usipomwelewa usiitikie kwa kichwa. Rudia ulichokisikia, useme, "Nimesikia habari za shamba na mvua, katikati sikupata," naye atarudia kile kipande tu. Ikishindikana, mwulize maswali ya ndiyo na hapana. Na kimya kisikuogopeshe, hata kikiwa kirefu.

Wengine hushikwa na kicheko au kilio pasipo sababu, katikati ya maneno. Hayo nayo hutoka kwenye makovu. Mgonjwa mwenyewe huona haya, basi tungoje yapite.

Mwalimu sasa amerudishwa katika orodha ya zamu, baada ya wazee wawili kwenda kumwomba radhi nyumbani kwake. Hatukumpa jibu la kutuambia. Alikaa kimya kitambo, akauliza zamu ya kwanza ni lini. Husoma katika ibada ya saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda, somo fupi, akiwa ameketi na kipaza sauti karibu na midomo. Fungu ambalo sisi hulimaliza kwa dakika mbili yeye humchukua tano. Mwanzoni watu walikohoa na kutazama saa.

Maswali kwa vikundi vya majumbani: Je, katika mtaa wetu ni nani ambaye siku hizi hatumsemeshi mwenyewe, bali twauliza jamaa zake? Jaribuni wawili wawili kusema "Watoto wamekula?" pasipo kupandisha sauti, mwone kama mwenzako atajibu. Na ubao wa herufi tulioueleza hapo juu, nani atautengeneza, nao utawekwa wapi kanisani ili upatikane?